Vijiko Vitatu vya Walimwengu

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura kusema na fisi kuposa, ni zamani ya juzi tu, watu wana simu mifukoni, palikuwa na chuo cha ufundi chini ya milima. Kilifundisha useremala, kilifundisha ushonaji, kilifundisha kuchomelea vyuma. Kisha mwaka mmoja kikaanza kufundisha utunzaji wa mbwa na paka. Mnacheka? Chekeni. Hata mjini walicheka. "Mtu mzima anakwenda darasani kujifunza kumwogesha mbwa!" Lakini ukimaliza miezi sita unapewa cheti cha daraja la kwanza, kina jina lako na muhuri, na daktari wa mifugo pale mjini alikwisha sema kwamba zahanati yake haitaajiri tena mtu asiye na cheti hicho. Haya, nani anacheka sasa?

Walianza kumi na wawili. Wengine waliumwa na paka wakaaga, wengine waliona haya. Wakabaki watatu.

Wa kwanza Nyamizi, na huyu mshikeni vizuri kwa sababu ndiye nitakayemfuata. Nyamizi alifanya kazi za ndani miaka kumi na mmoja katika nyumba moja. Siku moja hereni ya mama mwenye nyumba ikapotea. Nyamizi akapekuliwa begi, akapekuliwa godoro, akapekuliwa hata nywele, akafukuzwa. Wiki tatu baadaye hereni ikaonekana nyuma ya kabati. Walimtumia salamu, radhi hawakumwomba. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo, ukimwamkia Nyamizi, anajiuliza kwanza unataka nini. Cheti kile kilikuwa karatasi ya kwanza duniani ambayo ingemsema kwa wema, na alikitaka kuliko chakula.

Wa pili Shemweta, mlinzi mstaafu, miaka ishirini na miwili getini. Huyu ulimi wake haukuwa na kufuli. "Kitabu cha lindo, wanangu," alikuwa akisema huku anacheka, "hujazwa alfajiri! Saa sita nimezunguka, saa saba nimezunguka, saa nane nimezunguka. Kumbe niko kitini na blanketi langu!" Wote walicheka. Nyamizi naye alicheka, ila maneno yale aliyafunga kwenye pindo la kanga.

Wa tatu Kulthumu, binti wa miaka ishirini, baba yake anafundisha madrasa. Alivaa glavu mpaka kwenye viwiko, na kila akitoka kwa mbwa alikwenda bombani, akanawa mara saba, mara moja kwa udongo, kama alivyolelewa kwao. Nyamizi alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho. "Huyu hawagusi mbwa," alijiambia. "Anasimama mlangoni anahesabu dakika, kisha anakuja kunawa ili tumwone."

Na msidhani wenzake walilala. Dagaa wa mbwa walikuwa wakiisha upesi, na Nyamizi alikuwa na begi kubwa. Shemweta aliliona begi. Kulthumu aliliona begi. Hakuna aliyeuliza, lakini kila mtu alikuwa na lake moyoni.

Sasa sikilizeni desturi ya pale, maana hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Mwalimu wao, Mwalimu Mgonja, alipenda karatasi. Kila banda lilikuwa na karatasi ya zamu mlangoni: kulisha, kufagia, kuogesha, dawa. Kila kazi na kisanduku chake cha saini. Na saa mbili kamili asubuhi Mwalimu alipita na muhuri wake, akitaka kuona karatasi imejaa. "Pengo ni uvivu!" alikuwa akipiga kelele. Basi wanafunzi wafanyeje? Walifika saa mbili kasoro, wakatia saini kazi za siku nzima, hata za jioni, ndipo wakaanza kuzifanya. Karatasi ilisema mbwa ameogeshwa, na mbwa bado ana matope. Kila mtu alijua. Mwalimu naye alijua, akapiga muhuri.

Ndipo akaja Bi Mkunde, muuguzi mstaafu, mjane. Mjini walimsema sana kwamba mama wa heshima zake analala nyumba moja na mbwa. Yeye akampa mbwa wake jina la Walimwengu, ili kila akimwita majirani wasikie. Alikuwa mbwa wa kahawia, sikio moja limesimama, moja limelala. Bi Mkunde alikuwa anakwenda hospitali ya mbali kutolewa mtoto wa jicho. "Nawaachia siku kumi," alisema. "Sina mwingine. Watoto wangu wako Ulaya, huyu yuko mlangoni kwangu." Akampapasa, akaenda.

Jumatano karatasi iliandikwa: Walimwengu, dawa ya minyoo, kijiko kimoja, mara moja. Saini: Shemweta. Na saini hiyo ilitiwa saa mbili kasoro, kama zote.

Saa tatu Shemweta akaingia bandani. Akashika chupa, akapima kijiko, akakimimina juu ya dagaa. Walimwengu akalamba, akatikisa mkia. Shemweta akatoka anapiga mluzi.

Saa sita akaingia Kulthumu. Akaitazama saini, akaguna. "Kitabu cha lindo hujazwa alfajiri! Mzee huyu atamwachia mbwa wa watu minyoo." Akashika chupa, akapima kijiko, akakimimina juu ya dagaa. Walimwengu akalamba, akatikisa mkia. Kisanduku kilikuwa kimeshajaa, Kulthumu hakuwa na pa kuandika. Akaenda bombani kunawa.

Saa kumi akaingia Nyamizi. Akaitazama saini, akasonya. Akaiinua chupa kwenye mwanga, akaona imepungua. Imepungua vizuri tu! Mtu mwingine angesema, aa, dawa imetumika. Nyamizi alisema, "Wameimwaga. Wameimwaga ili ionekane imetumika. Mimi nimekaa na watu, nawajua." Tena mchana ule alikuwa amemwona Kulthumu bombani na udongo mikononi. Na Shemweta alikuwa pale pale nje anakunja mpira wa maji, hatua kumi, ukimwita anaitika. Hakumwita. Kumuuliza mwizi kama ameiba kuna faida gani? Akashika chupa, akapima kijiko, akakimimina juu ya dagaa. Walimwengu akalamba. Mkia ulitikisika kidogo tu.

Saa kumi na mbili Kulthumu na Shemweta walikuwa wanafunga mikoba yao. Nyamizi akarudi bandani. Roho yake ilikataa kuondoka bila kuhakikisha maji yamewekwa. Akamkuta Walimwengu miguu inatetemeka, mate yanadondoka, anagonga kichwa ukutani.

"Mama wee! Mwalimu! Mwalimu Mgonja!"

Daktari akaja na pikipiki. Akapiga magoti, akamfunua mbwa macho. "Amekula nini? Amepewa dawa gani, kiasi gani?"

"Dawa ya minyoo, kijiko kimoja," akajibu Shemweta. "Mimi mwenyewe nimempa."

"Kijiko kimoja hakimfanyi mbwa hivi. Nani mwingine amempa kitu?"

Kwa mara ya kwanza Nyamizi aliwaza kwamba huenda mzee alikuwa ametoa kweli. Kisha akawaza cheti. Akawaza begi lake linamwagwa mezani, watu wamesimama wanatazama. Ulimi ukawa mzito. Akamtazama Kulthumu, na Kulthumu anamtazama yeye.

Daktari akadhani ni nyoka. Akatafuta alama ya jino la nyoka mwili mzima, akachoma sindano ya nyoka. Saa nzima ikapita hivyo. Ndipo Kulthumu akaangua kilio. "Daktari, na mimi nimempa! Niliona saini, sikuiamini." Nyamizi aliposikia hivyo ndipo akasema, kwa sauti ndogo, "Na mimi. Cha tatu ni changu."

Daktari akawatazama mmoja mmoja. "Vijiko vitatu. Mngesema nilipouliza, ningeyaokoa macho."

Walimwengu hakufa. Lakini tangu jioni ile hakuona tena.

Siku ya kumi Bi Mkunde akarudi, miwani mipya, anaona hadi majani ya mlimani. Mkuu wa chuo akampokea ofisini kwa heshima zote. "Mama, tumesikitika sana. Chuo kimeamua mmoja wao afukuzwe bila cheti, na wengine wawili wamalize. Wewe ndiye uliyeumizwa. Taja jina, tutaandika."

"Waiteni kwanza," akasema Bi Mkunde. "Na Mwalimu wao."

Wakaja, wakaamkia, wakasimama.

Shemweta akasema: "Mama, mimi nilipewa kijiko kimoja, nikatoa kijiko kimoja, na nilipoulizwa nikajibu palepale. Mkono wangu hauna kosa. Nina mdomo tu."

"Mdomo wako ndio uliotufanya tusikuamini, mzee!" akaruka Nyamizi. "Kila siku blanketi, kila siku kitabu cha lindo!"

Kulthumu akasema: "Bibi, mimi nilitoa cha pili bila kuuliza. Lakini ndimi niliyesema kwanza, na nilijua nitafukuzwa. Nisingesema, angekufa."

"Ungesema mapema, binti, angeona," akasema Shemweta.

Nyamizi akasema: "Mama, sitakudanganya. Changu ndicho kilichozidisha. Chupa niliiona imepungua, na Kulthumu nilimwona bombani ananawa. Nilikuwa na macho, nikakataa kuona. Lakini wenzangu walikuwa wanakwenda kwao, mimi ndiye niliyerudi. Nisingerudi, asubuhi tungekuta mzoga." "Mimi nimeshafukuzwa mara moja kwa kosa lisilo langu. Hili ni langu, lakini si langu peke yangu."

Bi Mkunde akamgeukia Mwalimu. "Na wewe, mwanangu?"

"Mimi?" Mwalimu Mgonja akashtuka. "Mimi sikushika kijiko, mama! Karatasi zangu zote zimejaa. Angalia, hakuna pengo hata moja!"

Wakamleta Walimwengu, amefungwa mkanda. Alisikia sauti ya mama yake, akalia, akajigonga kwenye mguu wa meza. Bi Mkunde akamkumbatia muda mrefu, machozi yanashuka chini ya miwani mipya. Alipomwachia, mbwa akaanza kunusa njia yake. Akanusa mkono wa Shemweta, akatikisa mkia. Akanusa glavu ya Kulthumu, akatikisa mkia. Akanusa mkono wa Nyamizi, akaulamba akitafuta dagaa. Hapo Nyamizi akashindwa, akalia kwa sauti kama mtoto.

Mkuu wa chuo akakohoa, akasogeza barua mbele ya Bi Mkunde. "Mama, jina tu."

Bi Mkunde akaisoma. Barua ya kufukuzwa. Kosa limeandikwa, tarehe imeandikwa, saini ya Mkuu ipo chini na muhuri juu yake, wino umeshakauka. Pengo lilikuwa moja tu, la jina.

"Hata hii," akasema polepole, "mmeshaitia saini."

Akaishika kalamu.

Haya, jamani, nami kalamu ninaiweka hapa katikati yenu. Shemweta aliyewazoeza watu wasimwamini? Kulthumu aliyetoa cha pili akasema wa kwanza? Nyamizi aliyeona akakataa kuona, kisha akarudi? Mwalimu ambaye karatasi zake hazina pengo? Au Mkuu mwenye barua? Msijibu wote kwa pamoja. Je, nani alistahili jina lake liandikwe?