Kitufe cha Baba Wakesho

Abonyezaye hasikii. Mnacheka? Mjomba wenu hakuyatunga maneno hayo leo alipowanyamazisha pale mezani, aliyakuta. Mkitaka kujua yalikotoka, kaeni, na mwenye nia ya kunikatiza atangulie nje mapema. Neno hili lilizaliwa nyumbani kwa kaka yangu Mwandawiro, kule Wundanyi, nami nilikuwepo likizaliwa.

Kaka yangu alikuwa fundi wa redio. Redio isiyotengenezeka aliichinja, akatoa vipuri vizima na kuviweka akiba. Binti yake, Wakesho, alipoajiriwa kuwa muuguzi katika zahanati ya Kasigau, mlima ule ulio ng'ambo ya nyika, simu za huko zilikuwa za kubahatisha. Mwandawiro akasema, "Basi tutajitengenezea njia yetu." Akaomba kibali serikalini, akakipata, na nyumba nzima ikageuka karakana.

Walitengeneza redio mbili, moja ya nyumbani na moja ya Wakesho. Si hizi za kusikiliza taarifa ya habari tu. Hizo zilisikia na kusema. Baba alichora, binti alilehemu, na wifi yangu Mkawasi alizungusha waya mwembamba wa shaba kwenye kichupa cha dawa, kila mzunguko ukilala ubavuni mwa mwenzake, maana mkono wake ulizoea kusuka vikapu. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitu asichokielewa. "Hiki kazi yake nini?" Mwandawiro aliuliza, na usipojibu, hukilehemu. Ndivyo walivyojua wote kwamba ule waya mrefu uliofungwa kutoka paani hadi kwenye mkaratusi ulikuwa na kazi mbili: ukibonyeza kitufe, unatoa, ukikiachia, unaingiza. Zote mbili kwa pamoja hauwezi. Maneno yenyewe yalikwenda kwa mlio mfupi na mlio mrefu, kila herufi na milio yake.

Na nguvu yake ilivyokuwa ndogo! Taa ya gari inakula umeme mwingi kuliko redio ile. Siku Wakesho alipoita mara ya kwanza kutoka Kasigau, nilitoka nje nikautazama ule waya. Haukutikisika. Hewani hapakuwa na kitu ila kunguru. Nyika yote ile na ndovu wake, na sauti ya mtoto wetu imepita juu yao bila hata mmoja kugeuza sikio! Niliogopa, nawaambia kweli, kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Kisha ikaja ile mvua kubwa. Tulipoamka simu zote zimekufa, na watu waliofika kutoka Voi wakasema Kasigau imeporomoka upande mmoja, nyumba zimefukiwa. Nyumba zipi, hakuna aliyejua.

Mwandawiro akaketi kwenye redio, akaita jina la Wakesho. Akaachia kwa pumzi moja tu, hakusikia kitu, akaita tena. Kadiri hofu ilivyompanda ndivyo alivyozidi kufupisha muda wa kuachia, hadi kufika adhuhuri kidole chake hakikupumzika kabisa. Jasho lilimtiririka na baridi yote ile. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, namwomba Mungu.

Mkawasi alisimama nyuma ya mumewe tangu asubuhi. Sasa akamshika bega.

"Baba Wakesho, achia."

"Nikiachia, atajuaje kwamba tunamtafuta?"

"Anajua. Achia."

"Mama Wakesho, huyu ni mwanangu!"

"Ni wetu. Na ni wewe uliyetufundisha kwamba ukibonyeza, waya unatoa, hauingizi. Umetoa tangu asubuhi. Mtoto ataingilia wapi?"

Kaka yangu aliutazama mkono wake. Kisha akauondoa, akauweka magotini.

Tulisubiri. Kulikuwa na mvumo tu, kama wa maharagwe yanayochemka. Halafu, chini kabisa ya mvumo ule, mlio. Mwembamba mno hata nikadhani ni masikio yangu. Mkawasi akaziba mdomo.

"Ni mkono wake," akasema. "Huwa anauvuta ule mlio mrefu wa mwisho."

Milio ile ingeweza kupigwa na mtu yeyote duniani, wajukuu zangu, lakini mama alimtambua mwanawe kwa namna alivyobonyeza. Mwili ulinisisimka, na hata sasa unanisisimka, tazameni mikono hii.

Mwandawiro alitamka herufi moja moja, nasi tukaziunga: BABA NIPO. TANGU ASUBUHI NAKUJIBU.

Alilia yule mwanamume, akalia mbele yetu bila kuona haya. Tangu asubuhi mtoto alikuwa hai, akijibu kila alipoitwa, na kila jibu lilikuta njia imezibwa na yule yule aliyekuwa akilitafuta.

Jioni hiyo majirani walijaa kusikia habari, na kila mmoja alitaka kusimulia la kwake kwa wakati mmoja. Wifi yangu, ambaye hapendi kufoka, aliwatazama tu akasema neno lake. Wote wakanyamaza. Tangu siku hiyo Wundanyi ikalichukua: mume akigombeza bila kituo, mwalimu akiuliza asingoje jibu, mtu akisali huku akimpangia Mungu majibu, wanaambiwa hivyo hivyo. Abonyezaye hasikii.