Mbwa Aliyewekewa Barafu

Ndugu zangu, palikuwa na mzee mmoja wa kanisa. Si wa kanisa hili, msianze kutazamana. Alikuwa mtu mwema. Jumamosi moja alitoka na mke wake kwenda kumwombea mgonjwa katika hospitali ya mbali, dereva wake akiwaendesha tangu saa kumi na moja alfajiri. Wakaomba, wakawafariji ndugu wa mgonjwa, wakaaga. Wakati wa kurudi, saa saba mchana, njaa ikawashika, wakasimama kwenye mgahawa wa nyama choma kando ya barabara. Jua lilikuwa la kuchoma utosi. Mzee akamwambia dereva, "Baki na gari, usitoke, vitu vyetu vimo humu. Hatukawii." Dereva akaitikia, "Sawa, mzee," mkono mmoja ukiwa tumboni, maana alikuwa na vidonda vya tumbo na daktari alishamkataza kukaa na njaa. Mzee alilijua hilo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea.

Basi wakaingia. Getini palikuwa na kibao kimeandikwa: MBWA WAKO ANAKARIBISHWA. Mzee akakisoma, akaguna, akapita.

Wakakaa kivulini, pazuri, na upepo unavuma. Mhudumu akaja na birika la maji ya vuguvugu akawanawisha. Mbavu za mbuzi zikaletwa juu ya ubao, zinatoa mvuke bado, na ndizi za kuchoma, na kachumbari, na chumvi imewekwa pembeni. Mzee akashukuru kwa sala ndefu kidogo, kama tunavyojua wazee wa kanisa.

Alikuwa ametafuna kipande cha kwanza tu pale binti mmoja alipoketi meza ya jirani na mbwa mdogo mweupe mwenye manyoya mengi. Akamweka juu ya kiti. Kiti, ndugu zangu! Mhudumu akaja mbio na bakuli la maji, na ndani ya maji vipande vya barafu vinagongana.

"Kunywa, Biskuti. Kunywa, mama," binti akasema.

Mzee akaacha kutafuna. Akamwita mhudumu kwa kidole.

"Yule mbwa anafanya nini pale?"

"Anakunywa maji, mzee."

"Naona anakunywa maji! Nauliza, barafu ya nini?"

"Ndiyo utaratibu wa hapa, mzee. Jua hili ni kali, mbwa hawaachwi wateseke. Hata mtu akimwacha mbwa wake kwenye gari, mlinzi ana ruhusa ya kumtoa, anamleta kivulini, anapewa maji."

"Mbwa mahali pake ni nje!" mzee akasema. "Kila kiumbe kina mahali pake!"

Mkewe akamvuta shati. "Baba Ndeshi, kula, nyama inapoa. Mbwa wa watu hajakugusa."

"Siwezi kula mimi," akasema, na mkono ukachukua ubavu mwingine.

Wakaendelea hivyo, mzee anakula na kununa, ubao wa kwanza ukaisha, wakaagiza wa pili. Zaidi ya saa nzima ilikuwa imepita. Ndipo mhudumu alipomletea mbwa sahani yake. Maini, yamekatwakatwa vizuri, yamepozwa yasimwunguze ulimi. Hapo hasira zikamkaba mzee wetu. Akasimama, leso ya karatasi bado imening'inia kifuani, akahubiria mgahawa mzima.

"Hii ni laana! Mbwa anaitwa Biskuti, anakalia kiti, anakula maini! Na nje ya ukuta huu, hapo hapo nje, kuna watu wana njaa! Watu, walioumbwa kwa mfano wa Mungu! Hamna aibu?"

Watu wakaacha kula. Mmoja akasema, "Kweli kabisa, mzee." Mwingine akapiga meza. Binti akainamisha uso, akamshusha mbwa wake chini.

Na ninyi nawaona. Mama pale mbele umetikisa kichwa tangu nilipotaja kiti. Vijana wa kwaya mmeguna kwenye barafu. Mmechukia? Nami nachukia. Mzee amesema uongo? Hajasema uongo hata neno moja.

Mlinzi wa getini alikuwa ameshaingia, amesimama nyuma, kofia mkononi, anasubiri mzee amalize.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Lile gari jeupe karibu na geti ni lako?"

"Ni langu. Limegongwa?"

"Halijagongwa, mzee. Kuna mtu ndani. Amelala juu ya usukani, ameshika tumbo. Nimemwambia atoke, tukae wote kivulini, amesema aliambiwa asitoke. Angekuwa mbwa ningeshamtoa, ruhusa ninayo. Kwa mtu sijapewa ruhusa. Ndiyo maana nimekuja kukuuliza wewe."

Mkewe akaweka kipande chini, akajishika mdomo.

Wa kwanza kukimbilia getini alikuwa yule binti, na chupa yake ya maji. Mzee alifika wa nne. Alipofungua mlango wa gari, joto lilimpiga usoni akarudi nyuma. Na dereva, mwenye jasho la baridi, akajaribu kujiinua, akasema, "Nisamehe, mzee. Nimeshindwa kukaa vizuri."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha!

Mnataka kujua kama alipona? Sasa ndiyo mnauliza! Nilimtaja huyu mtu mwanzoni kabisa. Niliwaambia ana vidonda vya tumbo. Niliwaambia ameachwa juani na amri ya kutotoka. Mzee alipoagiza ubao wa pili, nani kati yenu alisema moyoni, "Na yule dereva?" Hakuna. Tulikuwa wote mezani na mzee, tumekasirikia barafu. Kumkasirikia binti wa watu ni rahisi, hakutudai tuinuke kitini.

Sisi ndio wale. Tunaujua uovu wa meza ya jirani mpaka idadi ya vipande vya maini. Huku dada wa kazi anabeba mtoto wetu ukumbini harusi nzima na hakuna aliyemwekea sahani. Huku mlinzi wa kanisa hili analinda viatu na magari yetu, hajawahi kusikia mahubiri yakafika mwisho. Inaudhi! Mimi inaniudhi, na kinachoniudhi zaidi nitawaambia sasa.

Nilipokuwa naingia asubuhi hii nimepita pale nje kwenye magari. Kuna madereva wanne wamekaa ndani yake, vioo vimeshushwa, wanatusubiri tumalize kuzungumza habari za upendo. Watatu ni wenu, mnajijua. Wa nne ndiye aliyenileta mimi. Nilimwambia, "Baki na gari."

Kwa hiyo sitasema amina sasa. Sogeeni kwenye mabenchi, pawe na nafasi za watu watano, na mlinzi naye yumo. Mwenye dereva wake ainuke. Mimi natangulia mlangoni.