Penseli Nyeupe ya Mwalimu Aikaruwa

"Ua jeupe huonekana kwa kivuli chake." Mmelisikia neno hilo sokoni, mkacheka, kisha mkaja kunisumbua mimi na magoti yangu yanayouma. Haya, kaeni. Lilianza hivi, tena si zamani sana.

Huku kwetu mlimani palikuwa na Mwalimu Aikaruwa, aliyefundisha darasa la tatu. Mumewe, Elinisafi, alianguka akavunjika nyonga, akawa mtu wa kitandani mwaka mzima. Aikaruwa alimgeuza, akamwogesha, akakata majani ya ng'ombe, akaenda shule, akarudi, akaanza upya. Majirani wakiuliza, "Tukusaidie nini, Mwalimu?" yeye hutabasamu tu: "Tunaendelea vizuri." Vizuri gani! Mtu anasinzia amesimama ubaoni.

Mvua za kwanza zikanyesha, kahawa ikachanua. Mnayajua maua yale: meupe, yananukia, na baada ya siku tatu yamekwisha. Elinisafi aliipanda miti ile kwa mikono yake, na harufu ikamfuata mpaka kitandani.

"Natamani kuyaona," alisema. "Mwakani sijui kama nitakuwepo."

"Nikukatie kijitawi?"

"Thubutu! Ukichuma ua umechuma kahawa yenyewe. Sijawahi kufanya hivyo, sitaanza leo."

Basi Aikaruwa akachukua penseli za rangi, akaketi shambani. Ua ni jeupe, naye akashika penseli nyeupe. Akakandamiza mpaka karatasi ikang'aa, akampelekea mumewe.

"Mbona karatasi tupu?" Elinisafi aliuliza.

Kesho yake akalizungushia ua mstari mweusi. Mzee akalitazama, akasema taratibu, "Hili ni la kwenye kanga, mke wangu. Si la shambani kwangu."

Siku ya tatu maua yalikuwa yameanza kunyauka. Aikaruwa alitua mzigo wa majani mlangoni, akaingia kuchukua penseli. Boksi likamponyoka, penseli zikatawanyika sakafuni.

"Umechoka, Aika?"

"Hapana, sijambo," akajibu, na tabasamu lake lile lile.

"Tabasamu hilo ni kama penseli yako nyeupe. Kila siku unapaka weupe juu ya weupe, nami sioni kitu. Kwani nyonga ikivunjika na macho hupofuka?"

Hapo Aikaruwa akajibwaga kwenye kiti. "Nimechoka! Nimechoka mpaka mifupa! Nikikugeuza natamani kulia. Nimeogopa kusema, usije ukajiona mzigo."

"Kwamba mimi ni mzigo, hilo nalijua. Nilichokuwa sijui ni kama bado unanipenda, au unamaliza zamu tu. Leo nimejua."

Aikaruwa alilia, akanawa uso, akarudi shambani bila haraka. Safari hii alilitazama ua lenyewe. Kumbe halikuwa jeupe lote! Penye mikunjo palikuwa na kijivu, chini ya petali palikuwa na ubuluu kidogo, na nyuma yake majani ya kijani kibichi, karibu meusi. Akayachora hayo yote. Mahali pa ua penyewe hakupagusa, akaiacha karatasi ilivyo. Penseli nyeupe haikutoka kwenye boksi.

Elinisafi aliipokea karatasi ile, akalifuatisha ua kwa kidole. Kisha akainusa, mzee mzima, machozi yakimtiririka.

Asubuhi jirani yao, Mama Ndelilio, akapita kuuliza kama kawaida. Aikaruwa akasema, "Nimechoka, mama. Ingia unisaidie kumgeuza." Mwenzake akaingia mbio, maana mwaka mzima alikuwa akilingoja neno hilo. Akaiona picha ukutani.

"Ua zuri hivi! Umelipaka rangi gani?"

"Hakulipaka kitu," Elinisafi akajibu kitandani. "Ua jeupe huonekana kwa kivuli chake."

Ndiyo hiyo. Haya, inukeni sasa. Nimemwona mama yenu akipanda mlima na majani kichwani, nikamuuliza, akaniambia hajachoka, akatabasamu. Ua jeupe, wajukuu zangu, huonekana kwa kivuli chake. Nendeni mkampokee.