Mlango wa Shubiri Tatu

Hapo zamani za kale, enzi hizo futi ya seremala haijazaliwa na kila fundi anapima kazi kwa shubiri ya kiganja chake mwenyewe, aliishi Bi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Yule mdogo wa kwenye mawe, mnene kiasi, mkia alinyimwa. Haya, ndiye huyo. Kaeni vizuri, na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole nisikike.

Bi Pimbi alikuwa na nyumba nzuri ndani ya pango, imefagiliwa, jiko pembeni, mkeka ukutani. Alikuwa na mapacha wawili waliozaliwa juzi tu, wanono kama maandazi. Alichokosa ni mlango. Ule wa zamani mchwa waliula mpaka ukiugusa kwa kidole unamwaga unga. Na huko nje, wajukuu zangu, walipita wenye meno!

Kila jioni Bi Pimbi aliegemeza mawe penye tundu la mlango, akalala jicho moja wazi.

"Wanangu," aliwaambia, "masika hayatufikii kabla sijapata fundi."

Juu ya mti wa jirani aliishi Kigong'ota, seremala mdogo mwenye kofia nyekundu. Siku nzima utamsikia, gong'o! gong'o! gong'o! Lakini Bi Pimbi alimtazama akaguna. Fundi mwenyewe anaingia kwenye kikombe, mlango ataubebaje?

Akamwendea Fundi Fisi. Huyo alikuwa na mabega, msumeno mrefu na maneno marefu zaidi.

"Mama Pacha, umefika penyewe!" alinguruma Fisi. "Mimi mlango wangu hata Tembo akiusukuma, mlango unabaki, Tembo ndiye anayevunjika! Unataka kipimo gani?"

"Shubiri tatu kwenda juu, fundi, na mbili upana."

"Tatu, mbili. Nimeshika. Na leo umepika nini?"

Maana ilikuwa desturi, na bado ni desturi, fundi akija kazini apate chakula. Wakaenda hadi pangoni, Bi Pimbi akampakulia pale nje, maana tundu halikuyatosha mabega ya Fisi. Fisi akala ugali wote, akaramba sufuria, akaramba mwiko, akachungulia jiko kule ndani kama lina kitu kimejificha nyuma yake. Halafu akajifuta midomo.

"Kazi naianza kesho, asubuhi na mapema, jua halijachomoza!"

Kesho ikafika na jua likachomoza, likapanda, likashuka. Fisi hakuonekana. Keshokutwa akaja saa ya chakula.

"Mbao zilikuwa mbichi, Mama Pacha. Zinakauka. Leo ni maharage?"

Akala. "Kesho, asubuhi na mapema, jua halijachomoza!"

Ikawa hivyo siku kumi na mbili. Mara msumeno umepoteza meno, mara mjomba anaumwa, mara yule mjomba amepona na lazima apongezwe. Meno ya Fisi mwenyewe hayakupotea hata moja. Chakula kwenye chungu cha Bi Pimbi kikapungua mpaka chini kukaonekana, na mawingu yakaanza kukusanyika.

Siku ya kumi na tatu, lo! Fisi akaja kweli, na mlango mgongoni. Mlango wa mninga, mzito, na fremu yake. Akautua, puu! Akapanua tundu la pango, akausimamisha, akagonga vigingi, kwa! kwa! kwa!

Bi Pimbi akatoka kuutazama. Akatazama juu, akatazama tena juu.

"Fundi! Mbona mkubwa hivi?"

"Si ulisema shubiri tatu? Hizi hapa." Fisi akapima kwa kiganja chake kipana. "Moja. Mbili. Tatu."

"Mimi nilisema shubiri zangu!"

"Hukusema za nani. Shubiri ni shubiri, mama. Tena mlango mkubwa huleta baraka." Akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akatabasamu. "Aa, unanitosha kabisa."

"Unakutosha?"

"Unatosha! Nimesema unatosha."

"Na hili komeo, fundi, mbona umeliweka nje?"

"Mtindo mpya. Huko mjini kila nyumba iko hivyo." Fisi akachungulia walipolala mapacha, mate yakamdondoka tone moja kwenye kizingiti, ta! "Kesho nakuja kukukabidhi rasmi. Asubuhi na mapema. Wewe lala tu."

Akaenda zake akicheka kile kicheko chake.

Bi Pimbi akaketi chini. Sasa alielewa. Mlango ule haukupimwa kwa nyumba, ulipimwa kwa mabega ya Fisi! Na komeo likiwa nje, wa nje ndiye mwenye nyumba. Kwa siku kumi na mbili alikuwa amemlisha anayekuja kumla. Akalia, na mapacha walipomsikia wakalia pia.

Gong'o... Sauti mtini ikakatika.

"Jirani," aliita Kigong'ota, "kilio gani hicho cha watu watatu?"

Bi Pimbi akamweleza yote. Kigong'ota akashuka, akaruka juu ya fremu, akainamisha kofia yake nyekundu upande huu na upande huu.

"Ukamwambia shubiri tatu?"

"Nilimwambia."

"Na hakukuuliza shubiri za nani?"

"Hakuuliza. Aliniuliza nimepika nini."

"Basi huyo si fundi, ni mgeni mwenye msumeno. Nyoosha kiganja chako, jirani."

Akakipima kiganja cha Bi Pimbi kwa jani la ukindu, akalikata hapo hapo. Bi Pimbi akaona haya usoni.

"Fundi, mimi nilikudharau kwa sababu ya udogo wako. Nisamehe."

"Wewe mwenyewe ni mrefu?" alijibu Kigong'ota, na Bi Pimbi akacheka machozi yakiwa bado shavuni. "Sikiliza. Fisi amesema anakuja lini?"

"Kesho, asubuhi na mapema."

"Vizuri. Yaani keshokutwa saa ya chakula. Muda tunao tele. Kwanza tuung'oe huu mlango. Pale chini ya mteremko pana pango gani?"

"Lile tupu? Halikaliki. Linavuja, na ndani halina njia nyingine."

"Ndilo ninalolitaka!"

Gong'o! gong'o! gong'o! Kigong'ota akalegeza vigingi kimoja kimoja. Bi Pimbi akatanguliza vijiti vya mviringo, akasukuma kwa kifua, na mteremko ukasaidia: gurugurugurugu! Mlango ukashuka wenyewe mpaka pango tupu. Wakausimamisha hapo pamoja na fremu yake, komeo nje vile vile, mtindo wa mjini.

Kisha Kigong'ota akarudi juu, akaziba tundu alilolipanua Fisi kwa mawe na udongo, akaanza mlango wa pili. Chakula alikigusa kidogo tu, akarudi kazini. Hakusema kesho hata mara moja. Jua la keshokutwa yake lilipofika utosini, mlango ulikuwa umekamilika: shubiri tatu za Bi Pimbi, na komeo ndani.

"Sasa kapike pale chini," akasema. "Pika kinachonukia."

Bi Pimbi akakaanga vitunguu, akaweka chungu ndani kabisa ya pango tupu, akatoka akajibanza nyuma ya jiwe. Mapacha walikuwa juu, nyuma ya ule mlango mdogo, na mpango huu ukiharibika hakuna mwingine.

Na kweli, saa ya chakula, Fisi huyooo!

"Karibu, fundi mkubwa!" aliita Kigong'ota kutoka tawi la karibu na pango tupu. "Mama Pacha yuko ndani anapakua. Lakini watu wanasema mlango wako ni mwembamba, eti mwenyewe hupiti."

"Ebo! Nani kasema?"

"Watu."

Fisi akasimama mbele ya mlango. Aliujua sana, ni kazi ya mikono yake. Nyumba ndiyo hakuijua! Siku zote alizokula pale mlangoni alikuwa akitazama chungu tu, hakuwahi kuutazama ukuta wala dari. Akanusa vitunguu, akaona chungu kile kile gizani, akasema moyoni, "Ndipo penyewe."

"Tazama ninavyopita!" Akaingia kichwa, mabega, kiuno, mguu wa mwisho.

Bi Pimbi akaruka kutoka nyuma ya jiwe. Kwaa! Komeo likaanguka mahali pake.

"Alaa! Mama Pacha! Nani amefunga?"

"Mwenye nyumba yuko nje, fundi. Si ndio mtindo mpya?"

Fisi akajitupa mlangoni, puu! Mlango haukutikisika. Akajitupa tena, puu! "Lo, bega langu! Nifungulie!"

"Hata Tembo akiusukuma, mlango unabaki. Hukunidanganya, kazi yako imara!"

"Nifungulie, shemeji yangu mpenzi! Lini utanifungulia?"

Bi Pimbi akajipangusa mikono, akavuta pumzi, akajibu kwa sauti tamu:

"Kesho, asubuhi na mapema, jua halijachomoza!"

Mnacheka? Kigong'ota alicheka mpaka kofia ikamkaa upande.

Jioni ile masika yakashuka. Mvua iliipiga miamba, na kule chini Fisi alinyeshewa usiku kucha akiita kesho kwa jina. Aliahidiwa kesho mara tatu. Siku ya nne alifunguliwa, amekonda, baada ya kuapa kuacha useremala na kuhama miamba ile, naye akahama bila kuaga.

Lakini juu, ile jioni ya kwanza ya mvua, Bi Pimbi alifunga komeo lake kwa ndani. Hakuna tone lililoingia. Mapacha walilala, naye kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe akafumba macho yote mawili.

Asubuhi akatoka amekumbatia ule mlango wa zamani uliooza.

"Fundi, nilichonacho ni hiki. Umejaa mchwa, wanene, na Fisi hakuwagusa. Wote wako. Na kila mwanangu atakayepita mlango huu nitamwambia nani aliutengeneza. Umenirudishia usingizi, ahsante, ahsante sana."

Kigong'ota akadonoa mchwa mmoja, akafumba macho kwa utamu. "Jirani," akasema, "hapa mimi ndiye wa kushukuru!"

Ndiyo maana hadi leo ukisikia gong'o! gong'o! juu ya mti, mtazame Pimbi kwenye mwamba wake: atanyanyua kichwa asikilize kidogo, kama mtu anayeitikia salamu. Mimi nimefika mwisho, mlango naufunga kwa ndani, na ninyi shikeni neno moja: fundi mwema huanza kwa kukuuliza shubiri za nani, si kwa kukuuliza umepika nini.