Gitaa la Nyuzi Nne

Anayewamba ngoma huivuta ngozi upande wake. Ndivyo tulivyo binadamu: penye sifa ya kugawana, kila mtu husogeza sahani yake karibu. Asiyeamini na awatazame vijana wanne waliorekodi albamu yao ya kwanza katika ghala la magodoro.

Ghala lilikuwa la mama yake Kimya, mpiga besi, binti aliyebandikwa jina hilo kwa uchache wa maneno. Walipiga roki nzito, ile ya kulewesha akili, ambamo gitaa hunguruma na kujipinda mpaka msikilizaji asahau alipoketi. Magodoro yalimeza kelele, majirani wakakosa la kulalamikia. Mama aliwaambia, "Ghala nawapa, masikio siwapi." Lakini siku moja alisimama mlangoni, akasikiliza, kisha akamuuliza bintiye, "Hilo gitaa lako la nyuzi nne mbona silisikii? Au umekuja kuwashikia wenzio mlango?" Alikuwa akitania, ila maneno yale yalimchoma Kimya. Tangu hapo alitaka jambo moja tu: mama yake amsikie.

Ikafika siku ya kuchanganya sauti kwenye mashine, ambayo kila ala ilikuwa na kitufe chake cha kupandisha na kushusha. Fundi wa mashine alipogeuka kidogo, mpiga gitaa akajipandisha sauti. Mpiga ngoma, asiyekubali kushindwa, akajipandisha zaidi. Mwimbaji naye akapenyeza mkono. Kimya, msidhani alikuwa malaika, akasukuma kitufe cha besi mpaka mwisho. Spika zikakoroma, wimbo wote ukawa vurugu mechi.

"Mmeridhika?" fundi akauliza. "Maana hapa sioni albamu, naona ugomvi."

Wakatazamana kwa haya. Kimya akajikaza. "Tubadilishane. Kila mtu ashike kitufe cha mwenzake. Chake asikiguse."

"Sasa mimi atanipandisha nani?" mpiga gitaa akaruka.

"Mimi," Kimya akasema.

Besi ikaangukia mikononi mwa mpiga ngoma. Kimya akafumba macho, roho mkononi. Mpiga ngoma akashusha, akapandisha, akatulia. "Kumbe huwa unapiga hivi?"

"Siku zote," Kimya akajibu.

Albamu ilipokamilika, wazazi walialikwa ghalani, wakaketi juu ya magodoro. Mama yake Kimya alisikiliza toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kisha akasimama, kifua mbele.

"Mmeisikia hiyo sauti nene inayotembea chini kwa chini? Huyo ni binti yangu! Hao wengine wanamsindikiza tu."

"Wanamsindikiza nani?" baba wa mpiga gitaa akadakia. "Wote wanamfuata mwanangu, mama!"

Bibi yake mwimbaji naye akaomba nafasi ya kusema, na ubishi ukapamba moto. Kimya alicheka mpaka machozi yakamtoka, maana hakuwahi kuona fahari kama ile. Vijana walikuwa wamejifunza kuvutia kwa wenzao; lakini wazazi, nani angewafunza? Kweli, mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.