Jedwali la Mzee Torkil

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Ilikuwa enzi, na enzi zilikuwa nyingi, na hii ilikuwa nyuma ya zote ninazozijua.

Huko Uskoti, nchi ya mawe na mvua, aliishi mtu wa hesabu, jina lake Torkil. Mnajua kuzidisha namba ndefu kunavyochosha? Basi mabaharia wa huko walichoka vivyo hivyo, wakitafuta njia baharini. Torkil akasema atawatengenezea jedwali: kila namba ipewe mwenzake, na anayetaka kuzidisha ajumlishe tu wale wenzake, kisha atafute jedwalini namba yenye mwenza huyo, jibu alipate.

Kila mwenza alipatikana kwa kutoa kidogo kwenye aliyemtangulia. Akatoa, akaandika. Akatoa, akaandika. Nywele zikawa nyeupe, macho yakaingia ukungu, naye akatoa, akaandika.

Alipomaliza, mkewe Marsali akasema, "Ngoja nilijaribu."

Akazidisha namba mbili kwa mkono, kisha akazitafuta kwenye jedwali. Majibu hayakulingana.

"Umekosea wewe," Torkil akasema.

"Labda. Nimerudia, nikakosea vilevile."

Wakarudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, mpaka karibu na mwanzo. Hapo ndipo Torkil alipokosea kutoa, angali kijana wa macho makali. Na kwa kuwa kila namba ilitoka kwa ile iliyoitangulia, mnaona wenyewe, zote zilizofuata zilikuwa na kosa lile.

"Ni kosa dogo," Marsali akasema. "Nani atalijua?"

"Mwamba utalijua, meli ikiupanda."

"Macho yako hayatafika mwisho, mume wangu."

"Yako je?"

"Yangu yamechoka kukutazama wewe." Lakini akachukua kalamu.

Wakaanza upya. Mke akasoma, mume akatoa kichwani, mke akaandika. Akatoa, akaandika. Mvua ikaja, ikaenda, ikaja. Torkil akawa kipofu kabisa, naye akatoa, mkewe akaandika.

Namba ya mwisho ilipoandikwa, Marsali akazidisha tena zile mbili kwa mkono, akatazama jedwalini.

"Majibu yamelingana," akasema.

Torkil hakumsikia. Alikuwa amelala kitini, anakoroma. Marsali akamfunika blanketi, naye akalaza kichwa mezani.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: mkigundua mlikosea mwanzoni, rudini, hata mkiwa mmechoka. Kosa lenyewe halichoki.

Kisa nimekitua hapa. Mwenye mabega akibebe. Mimi nishikeni mkono, nikalale.