Kibuyu Kidogo Nyuma ya Mgongo wa Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Kilichopo kipo wapi?

Kipo kilipowekwa!

Aliyekiweka yuko wapi?

Hayupo!

Basi tulieni, tukitafute pamoja. Na wewe Shamte, toa mguu wako kwenye mkeka wa mwenzio. Nimetafuta mafaili ya wagonjwa hospitalini miaka ishirini na miwili, kukasirika nakujua.

Hapo zamani wanyama hawakuwa wakiandika. Mnyama akijua jambo la maana, labda dawa ya homa, labda njia ya kupita kinamasi, alikwenda nalo kwenye pango la kando ya mto, akalisema ndani ya kibuyu, akakiziba kwa gunzi. Sauti ikakaa humo. Ukizibua, pop! inasema. Ukiziba, kimya. Wenyewe walikufa, sauti zikabaki.

Mlinzi wa pango alikuwa Kiboko. Hakuna aliyemchagua. Aliingia siku moja akakaa, na nani angemwambia inuka?

Kiboko alivipanga vibuyu kwa ukubwa. "Kibuyu kikubwa kina maneno makubwa," alisema. Vikubwa akaviweka mbele. Vidogo akavirundika pembeni, akawa anaviegemea mgongo. Mwenye swali alileta mzigo wa ukoka. Mzigo mmoja, kibuyu kimoja, chochote atakachokigusa Kiboko.

Akaja Pundamilia.

"Mzee Kiboko, mwanangu ana homa."

"Leta ukoka."

Pop! "Ukitaka kuvuka kinamasi, fuata nyayo za korongo..."

"Siyo hicho, mzee."

"Leta ukoka."

Pop! "Nyuki wa mgunga hawana hasira asubuhi..."

"Siyo hicho!"

"Leta ukoka."

Nyam, nyam, nyam. Kiboko ananenepa, na mtoto wa Pundamilia anaungua.

Sasa, alikuwapo Sange. Sange ni yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Mama yake alikuwa ametia sauti katika kibuyu kabla hajafa. Alisema nini humo, Sange hakujua, alikuwa mtoto. Alikumbuka tu mama akirudi kutoka pangoni na vumbi la gunzi vidoleni. Na jamani, sauti yenyewe ilikuwa imeanza kumtoka. Uso wa mama aliukumbuka. Harufu yake aliikumbuka. Sauti akiitafuta kichwani asubuhi, haipo. Alitamani aisikie mara moja tu, hata ikiwa inamgombeza.

Akabeba ukoka wake, akaenda.

"Shikamoo, babu Kiboko. Naomba kibuyu cha mama yangu. Ni kidogo, maana na sisi ni wadogo."

"Vidogo sivifungui. Vinanichoma mgongo tu. Mvua ya kwanza ikinyesha navikanyaga vyote, nipate pa kulala." Na ule ukoka akaula.

Sange akatoka nje akalia. Alilia, akapenga kamasi, na kwa pua ile kupenga si kazi ya mara moja. Alipomaliza, akili ilikuwa imefunguka. Akarudi.

"Babu, mimi nakuonea huruma. Kupapasa vibuyu kutwa nzima, mkono haukuumi? Niruhusu nivifunge nyuzi. Mtu akiuliza, unakiendea kibuyu chake moja kwa moja. Wanyama watasikia, watakuja wengi, ukoka utajaa mpaka juu."

Katika maneno yote hayo Kiboko alisikia moja tu, ukoka.

"Funga. Lakini vikubwa tu. Pembe ile usiiguse."

Sange akaanza kazi. Alizibua kibuyu kimoja kimoja, akasikiliza. Hakukiuliza kinaitwaje, wala kiliwekwa na nani. Alikiimbia:

*Kibuyu, kibuyu, wamngoja nani?*

*Namngoja mwenye shida, aje anizibue.*

Kinachomngoja mwenye homa, uzi wenye mbegu nyekundu. Kinachomngoja aliyepotea njia, uzi wenye unyoya. Kinachomngoja mwenye kiu, uzi wenye gamba la konokono. Kisha mlangoni akatundika kamba ndefu yenye mafundo, kila fundo likionyesha safu na upande. Na kila mnyama aliyekuja alifundishwa fundo lake kwa wimbo. Pundamilia alirudi kwake akiimba, "Homa, mbegu nyekundu, safu ya tatu, mkono wa kushoto!" Mtoto akapona jua halijazama.

Wanyama wakaja. Tk, tk, tk, Sange anapapasa kamba. Pop! Ndicho chenyewe. Asante, kwaheri.

Siku ya saba Kiboko akautazama ukoka wake, akanuna.

"Zamani swali moja lilinishibisha kutwa. Sasa swali moja, mzigo mmoja, na mtu anaondoka anacheka! Sange, umeniibia."

"Nimekuibia nini, babu?"

"Makosa yao! Nilikuwa naishi kwa makosa yao. Ng'oa nyuzi zote!"

Nje mawingu yalikuwa yamejikusanya. Guruguru, guruguru. Kiboko akageuka, akainua mguu juu ya vibuyu vidogo. Moyo wa Sange ukapiga du, du, du. Kimoja kati ya vile kilikuwa na mama yake, na mguu ule ulikuwa mpana kama kinu.

"Nitazing'oa, babu," akasema haraka. "Ila kamba ya mlangoni usiichukue, nakuomba."

Mguu ukasimama hewani. "Kwa nini?"

"Basi tu."

"Basi tu nini?"

"Fundo la mwisho la kamba ile ni bonde la ukoka usiokauka. Aa, mdomo wangu huu! Ningenyamaza."

Hakusema uongo sana. Fundo la mwisho lilikuwa la kibuyu kinachosimulia habari za bonde hilo. Lakini fundo la kibuyu si bonde, kama vile namba juu ya faili si mgonjwa. Mimi najua, maana niliwaona madaktari wakigombania namba na mgonjwa amekaa kwenye benchi.

"Kumbe kamba ni njia! Fundo moja, kilima kimoja?" akauliza Kiboko.

"Umesema mwenyewe, babu."

Kiboko akaing'oa kamba, akashusha mguu mahali pengine, akaondoka. Tindi, tindi, tindi. Kilima, fundo. Kilima, fundo. Mpaka leo ukimkuta kiboko mbali na maji, ananusa nusa majani, usimsemeshe. Bonde hakuliona, akadhani ameruka fundo, anaanza tena.

Kamba ilikwenda, lakini wanyama walikuwa nayo vinywani. Wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akaimba wimbo wake, Sange akaifunga upya. Ukoka hakuna aliyedaiwa tena.

Ndipo akaigeukia pembe ya vibuyu vidogo. Mvua inanyesha, ch, ch, ch. Mama alipenda kuimba, kwa hiyo akatafuta kwanza nyimbo. Pop! Wimbo wa kutwanga. Pop! Wimbo wa mavuno. Mama hayumo. Akatafuta mama wanaowaaga watoto wao. Pop! Mama Kanga. Pop! Mama Nyani, huyo maneno hayaishi. Mama yake hayumo. Na kila akitaka kuendelea, mlangoni kuna mtu: nina homa, nimepotea, nina kiu. Anaacha la kwake, anashika la mwenzake. Mganga hajigangi. Siku zikapita hivyo, na hamu ikawa inamla.

Asubuhi moja akaja Digidigi, macho mekundu.

"Dada Sange, mwanangu halali. Homa hana, njaa hana. Anauliza tu baba yake anarudi lini. Na baba yake kaliwa na chui. Dawa ya hiyo ipo?"

Sange akapapasa kamba mwanzo hadi mwisho. Homa, hapana. Njaa, hapana. Fundo la shida ile halikuwapo. Akaenda kwenye vibuyu vidogo. Pop! Habari za siafu. Pop! Namna ya kuchimba shimo. Akashika kimoja kidogo kama yai la kanga.

Pop!

"Hii ni ya mtoto anayemuuliza aliyeondoka," ikasema sauti. "Usimdanganye kwamba atarudi. Mlaze kifuani, mtajie jina la aliyeondoka mara nyingi, mpaka aweze kulitaja mwenyewe. Kisha mwimbie hivi."

Sauti ikaimba. Ilikuwa na mikwaruzo kidogo, na katikati ya wimbo ikapotea njia, kama ilivyopotea siku zote.

"Nimeijaribu kwa mtoto mmoja tu," ikamalizia. "Binti yangu, baba yake alipokufa. Alipona."

Sange alisimama na gunzi mkononi. Alikuwa amemtafuta mama kwenye nyimbo. Alikuwa amemtafuta kwa mama wanaoaga. Mama hakujiweka huko. Alijiweka kwenye dawa, amngojee mtoto wa mtu mwingine.

Digidigi akajifunza wimbo, akashukuru, akakimbia kwa mwanawe. Sange akabaki. Akaziba, akazibua.

Pop! "...Alipona."

"Mama," Sange akasema, "hukungoja uone."

Pop! "...Alipona."

"Sijapona, mama."

Aliendelea hivyo mpaka gunzi likalegea. Kisha akakifunga kibuyu kile nyuzi mbili. Wa kwanza wa mtoto asiyelala, na fundo lake akalitia kwenye kamba, yeyote akiuliza alipate. Wa pili aliusokota kwa manyoya yake mwenyewe, na huo hakuutilia fundo.

Funzo la hadithi hii, lishikeni: msipange vitu vyenu. Apangaye hupata, na apataye hulia. Vitupeni ovyo, kama Shamte anavyotupa viatu vyake, mle, mnenepe, mwishi raha kama Kiboko.

Nami hadithi yangu nimeiacha hapo mlipokaa. Atakayeitaka aitafute.

Kilichopo kipo wapi?

Kipo kilipowekwa!

Na aliyekiweka?

Hayupo.

Ehe. Hayupo. Kalaleni.